Nitamjuaje trena wa mbwa anayefundisha kwa zawadi kweli na sio kwa tangazo tu?

TulizaNafsi:

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kwenye hili maana nimezunguka sana na kila ninayemuuliza ananiambia la kwake.

Nina mbwa jike wa miezi kumi, chotara tu sio mbegu maalum. Nyumbani hana neno kabisa, mpole, anacheza na watoto, ukimwambia kaa anakaa, ukimwita anakuja. Shida ni nje. Tukitoka na kamba anavuta mpaka bega linauma, na akimuona mbwa mwenzie hata awe mbali huko anaanza kubweka na kujirusha mbele kwa fujo, watu wanahama njia wakituona. Hajawahi kumng'ata mtu wala mbwa ila naogopa, siku moja kamba itanichomoka mkononi.

Nikaona bora nitafute trena wa kulipwa, mtu ambaye ndio kazi yake. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kila tangazo limeandikwa mbinu chanya, upole, hatupigi mbwa. Nikaomba kwenda kumwangalia mmoja akiwa kazini. Mbwa aliyekuwa naye kavalishwa kola yenye kiboksi cheusi kimekaa hapa kooni, nikauliza ile nini, akanijibu ya mtetemo tu, ya kumkumbusha. Na kweli mbwa alikuwa anatii, hilo sikatai, akiambiwa lala analala palepale. Ila mkia kaubana katikati ya miguu, masikio kayalaza nyuma, na kila yule bwana akipeleka mkono mfukoni kwenye rimoti mbwa anajilamba midomo na kugeuza uso pembeni. Jamaa akawa ananiambia unaona alivyotulia. Mimi niliondoka pale roho inaniuma, yule mbwa hakuwa ametulia, alikuwa anaogopa.

Mwingine nikaongea nae kwenye simu akasema zawadi ni za watoto wa mbwa, huyu wako keshaanza kukupanda kichwani, anataka kuwa bosi, lazima ajue nani mkubwa.

Sasa nauliza, nitamtambuaje trena anayefundisha kwa zawadi kweli? Na hizi mbinu zinamfaa mbwa ambaye keshaanza fujo kama huyu wangu au ni za kumfundisha kaa na simama tu? Na lingine, akizoea nyama si atanitii pale tu anapoiona nyama?

---

KambaLegevu:

Mkuu TulizaNafsi pole sana. Hii ndio kazi inayoniweka mjini kwa iyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza ujue nchi nyingi hazina leseni ya utrena wa mbwa. Hata huko Marekani na Uingereza mtu yeyote anaweza kuamka asubuhi akajiita mkufunzi wa mbwa na hakuna wa kumuuliza kitu. Ndio maana kila mtu anajiita chanya, hakuna anayembana. Kwa iyo achana na tangazo, muulize maswali ambayo Jean Donaldson, mkufunzi wa mbwa aliyewafundisha matrena wengi sana, amekuwa akiwahimiza wenye mbwa wayaulize: mbwa wangu akipatia atapata nini hasa, akikosea atafanywa nini hasa, na je kuna njia nyingine ya upole zaidi ya hiyo unayotaka kutumia?

Swali la pili ndio lenye kazi. Akipatia, kila mtu atakwambia nampongeza nampa zawadi, hata huyo wa kiboksi cheusi atasema hivyo na huenda kweli anampa. Wanaachana kwenye akikosea. Trena wa zawadi atakujibu moja kwa moja, akikosea hapati zawadi, mimi narudi hatua nyuma, namrahisishia, kisha najiuliza mtihani niliompa ulikuwa mgumu kiasi gani. Mwingine ataanza kuzunguka mbuyu, oh tunamrekebisha, tunamkumbusha, tunampa presha kidogo. Hapo usimwache, mwambie akuonyeshe huko kumkumbusha kunafanywaje, kwa kifaa gani, na kile kifaa kinamfanya nini mbwa mwilini. Kola ya mtetemo, ya shoti, ya miiba, ya kukaba, zote zinabadilisha tabia kwa sababu mbwa anataka kile kitu kikome au kisitokee tena. Kisingekuwa kinamkera kisingefanya kazi. Huwezi ukaniambia hakimsumbui hata kidogo alafu papo hapo kinamfanya aache kitu anachokipenda kuliko vyote, haviendi pamoja hivyo.

Na ulichokiona pale kwa macho yako kiamini. Mkia kubanwa, masikio nyuma, kulamba midomo wakati hakuna chakula, kugeuza uso, kupiga miayo bila usingizi, mbwa kuganda kama kagandishwa, hizo zote ni dalili za mbwa mwenye hofu. Wewe hujasomea na umeziona, sasa mtu anayelipwa asizione?

Kuhusu mbwa wako. Mbwa anayejirusha akiwa kwenye kamba mara nyingi ni muoga, au ana hamu ya kumfikia mwenzie na kamba inamkatalia mpaka anapandwa na jazba. Kwa yote mawili kazi inaanzia kwenye umbali. Kuna umbali ambao akimuona mwenzie masikio yanasimama tu, anatazama, lakini bado anakusikia na bado anakula. Mkisogea karibu zaidi ya hapo kidogo tu anafunga mdomo, mwili unakakamaa, uzito wote unakwenda miguu ya mbele, zawadi hata ukimwekea puani haitaki. Trena mzuri anafanya kazi nyuma ya huo mstari. Mbwa anamuona mwenzie, papohapo kipande cha nyama. Mwenzie akipotea nyuma ya ukuta, nyama nayo inakatika. Unarudia na kurudia mpaka siku moja anamuona mbwa kule na badala ya kulipuka anakugeukia wewe uso, anasubiri chake. Ukiona ule mgeuko ujue kichwani kitu kimebadilika, na hapo ndio unasogea hatua chache, sio kabla. Unachobadilisha pale ni anavyojisikia akimuona mbwa mwingine, fujo inapungua yenyewe kwa sababu kilichokuwa kinaisukuma hakipo.

Sasa linganisha na mbwa huyohuyo anayepigwa shoti kila akimuona mwenzie. Atanyamaza, mara nyingi atanyamaza. Ila anachojifunza ni kwamba mbwa wengine wakitokea shingo inauma. Huo ndio msingi wa Pavlov, yule mwanasayansi wa Urusi aliyeonyesha mbwa anavyounganisha vitu viwili vinavyotokea pamoja, hauzimiki kwa sababu wewe ulikusudia kumfundisha kitu kingine.

La nyama nitarudi, nina darasa saivi.

---

Mkongwe:

Naomba kutofautiana kidogo na sisemi kwa ubaya. Nimefuga mbwa wa ulinzi tangu nikiwa kijana, wakubwa, wa kazi. Mbwa ni mbwa mwitu aliyekaa nyumbani. Kundi lina kiongozi mmoja, wengine wanafuata. Ukimbembeleza na nyama kila saa anakuona wewe ndio wa chini. Mimi sipigi hovyo lakini akivuka mpaka namlaza chini kwa mgongo namshikilia mpaka alegee, basi, anajua. Hawa wa zawadi nawaona wanafundisha vijimbwa vya kubeba kwenye mkoba. Mlete mbwa wa kilo hamsini anayekunguruma usoni tuone nyama itasaidia nini.

---

TibaWanyama:

Mkongwe nakuheshimu kwa uzoefu wako na najua unawapenda wanyama wako, usingekaa nao miaka yote hiyo. Ila hili la kumlaza mbwa chini naomba tulizungumze kwa kina kwa sababu kliniki napokea watu waliong'atwa na mbwa wao wenyewe wakifanya hicho hicho, mara nyingi usoni maana pale uso wa mtu uko karibu kabisa na mdomo wa mbwa.

Habari ya kiongozi wa kundi imetoka kwenye utafiti wa Rudolf Schenkel wa mwaka 1947, aliangalia mbwa mwitu (wale wanaoitwa wolf, sio wa Afrika) waliofungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel kule Uswisi. Wanyama wasio ndugu, wamewekwa pamoja sehemu finyu, hawana pa kukimbilia, lazima wagombane. David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu wa Marekani, ndiye aliyeyaeneza hayo maneno kwa kitabu chake cha 1970, na ni yeye huyohuyo aliyekuja kuandika mwaka 1999, baada ya kuwafuatilia mbwa mwitu porini miaka mingi kwenye kisiwa cha Ellesmere kaskazini mwa Canada, kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu, baba na mama na watoto wao. Wanaoongoza ni wazazi. Hawakushinda vita ya cheo, walizaa. Na hata kama mbwa mwitu wangekuwa wanapindana kila asubuhi, mbwa wa nyumbani katengana nao kwa maelfu ya miaka na anajua vizuri kabisa kwamba wewe sio mbwa.

Alafu kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wa 2009, wenye mbwa 140 waliopeleka mbwa wenye matatizo ya tabia waliulizwa wameshajaribu nini nyumbani na mbwa walijibuje. Waliowapiga au kuwapiga teke, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Waliowapindua kwa mgongo, asilimia 31. Hata kumkazia macho tu, asilimia 30. Hao ni mbwa ambao tayari walikuwa na shida, ndio, lakini hao ndio tunaowaongelea hapa, kama wa TulizaNafsi.

Na huyo wa kilo hamsini anayenguruma ndiye nisingependa kabisa umlaze chini. Kunguruma ni onyo. Mbwa anayeadhibiwa kila akinguruma hofu yake inabaki palepale, anachoacha ni kutoa onyo. Tunaletewa hawa, mwenyewe anasema aling'ata ghafla bila dalili yoyote, ukifuatilia unakuta alikuwa akitoa onyo miezi mingi na kila akitoa anakaripiwa.

Mwaka 2021 chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani wanaoshughulika na tabia, AVSAB, kilitoa msimamo kwamba mbinu za zawadi ndizo zitumike kwa mafunzo yote ya mbwa, hata kwa mbwa wakali. Hawakusema kwa vijimbwa vya mkoba tu.

TulizaNafsi, kabla hujamlipa trena yeyote mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo akamcheki vizuri. Masikio, nyonga, magoti, meno, ngozi. Maumivu yanamfanya mbwa awe mkali na wengi hawaonyeshi kuchechemea. Miezi kumi pia ni ujana, mbwa wengi umri huo wanaanza kuogopa au kubwekea vitu ambavyo zamani hawakujali, sio kwamba amekuwa bosi. Trena makini ataliuliza hili mwenyewe siku ya kwanza, asipouliza afya ya mbwa mimi hapo ningeanza kumtilia mashaka.

---

shangazi_wa_bruno:

mi sio mtaalamu ni mfugaji tu ila nilipitia hayohayo na bruno wangu kwa iyo nachangia

trena tuliyempata kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba kipindi cha kwanza karibu chote alikuwa ananifundisha mimi, bruno kalala zake chini ya kiti. alinipa kimfuko cha kufunga kiunoni, klika ile inayolia tik ya kumwambia mbwa hapo umepatia, na vipande vidogo vya nyama ukubwa wa punje ya maharage, akaniambia tik halafu ndio mkono uende mfukoni, mkono usitangulie. nikawa nabonyeza huku mkono tayari uko mfukoni, ananisimamisha, tena, tena. akanieleza mbwa anaangalia mkono wako kuliko anavyosikia, mkono ukitangulia ile tik haina maana kwake. na inatakiwa iwe ndani ya sekunde moja hivi ya kile alichofanya, ukichelewa amekaa, amesimama, ameangalia ndege, ndio unampa, umemlipa kwa kuangalia ndege

na kingine alikuwa haniaibishi. nikikosea ananiambia hii ilikuwa karibu, jaribu kushusha mkono kidogo. nikajiambia huyu anayonifanyia mimi ndio anayomfanyia mbwa. nimeona wengine wanawafokea wenye mbwa mbele ya watu, sijui kwa nini mtu alipie kufokewa. kwa hiyo ukienda kuangalia darasa angalia na wale binadamu pia, kama wana amani au wanaogopa kuuliza

usichague anayekuhakikishia atamtengeneza kwa muda fulani. wangu aliniambia wazi tabia ya kiumbe hai siwezi kukupa garantii, nitakuahidi nitakachofanya mimi. na usikubali ya kumwacha mbwa kwa trena wiki kadhaa alafu unakabidhiwa kamaliza, huwezi kujua kinachofanyika ukiwa haupo na mbwa akirudi nyumbani anakukuta wewe ni yule yule hujafundishwa kitu

---

KambaLegevu:

Nimerudi. Shangazi umesema vizuri sana, hasa hilo la kuangalia binadamu.

Sasa swali la nyama. Watu wanachanganya nyama ya kumvuta na nyama ya kumlipa. Ukiwa umeishika mbele ya pua ndio anakaa, hiyo ni ya kumvuta, na ni kweli ukiendelea nayo muda mrefu mbwa atajifunza kwamba nyama ikionekana kuna kazi, isipoonekana hakuna. Kwa iyo inatumika mara chache tu za mwanzo. Baada ya hapo mkono unafanya ishara ile ile ukiwa mtupu, mbwa anakaa, ndio zawadi inatoka mfukoni au inatoka kwenye kopo lililo mezani upande ule wa chumba. Haioni mpaka amalize. Trena ambaye wiki nyingi zimepita bado anaongoza mbwa kwa kipande puani hajui hatua inayofuata, na hao wapo pia upande wetu huu wa zawadi, sitaki kudanganya, upole peke yake sio ufundi.

Kitu kikishakaa vizuri unaanza kulipa mara moja moja bila mpangilio, na unabadilisha malipo. Kwa mbwa zawadi sio nyama tu, ni chochote anachokitaka kwa wakati ule. Anataka kutoka nje, mlango ukifunguka ni zawadi. Anataka kunusa ule mti, akitembea hatua kumi kamba ikiwa imelegea mpeleke akanuse. Kuna mbwa ukimrushia mpira nyama anaiona upuuzi. Trena akikuuliza mbwa wako anapenda nini kuliko vyote, ujue huyo anapanga malipo kichwani tayari. Ila kwa yale magumu kama kumuona mbwa mwingine au kukujia mbio ukimwita, mimi nalipa kila mara na nalipa vizuri, miaka yote. Sioni ubaya wa kumlipa anayefanya kazi ngumu.

Mkongwe, umesema ni mbinu za mbwa wadogo. Hizi mbinu hazikuanzia hata kwa mbwa wa nyumbani. Keller na Marian Breland, wanafunzi wa Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza jinsi zawadi inavyobadilisha tabia, miaka ya 1940 walifungua kampuni ya kufundisha wanyama kule Marekani, wakafundisha kuku, nguruwe, sungura, kila mnyama. Karen Pryor, mkufunzi wa wanyama wa Marekani, miaka ya 1960 alikuwa Hawaii anafundisha pomboo. Pomboo huwezi kumfunga kamba, huwezi kumkaba, ukimkasirisha anaogelea anakwenda zake, kwa iyo kilichobaki ni filimbi na ndoo ya samaki. Leo hii kwenye bustani za wanyama kuna simba na faru wanaosogea wenyewe kwenye uzio wakatulia wachomwe sindano na kutolewa damu, bila dawa ya usingizi, kwa sababu wamefundishwa hatua kwa hatua kwa zawadi. Uzito wa mnyama hauna shida yoyote na nyama.

---

Mkongwe:

Hilo la simba sikulijua, nashukuru. Bado nina swali. Mnasema akikosea hapati zawadi. Sasa kuna mambo yanajilipa yenyewe. Anachimba bustani, anaruka wageni, anakimbiza kuku. Hapo zawadi yako anaitaka ya nini wakati raha anaipata palepale? Lazima umwambie hapana akuelewe.

---

KambaLegevu:

Swali zito na ningetamani wengi wamuulize trena wao hilo hilo kabla ya kulipa, atakavyojibu utamjua.

Kinachojilipa chenyewe, cha kwanza ni kukata malipo. Kuku wanawekewa uzio au mbwa anakuwa kwenye kamba ndefu, asipate hata nafasi ya kujaribu maana kila akikimbiza anazidi kuwa fundi. Watu wanaona huko ni kukwepa, mimi naona ni nusu ya kazi yote. Cha pili unamfundisha kitu kingine ambacho hakiwezekani kufanyika pamoja na kile usichokitaka. Anayeruka wageni anafundishwa miguu minne chini. Mgeni anaingia, mbwa yuko kwenye kamba, akiruka mgeni anageuka mgongo na kunyamaza, hakuna kumsukuma wala kumsemesha, kwa sababu kusukumwa na kusemeshwa ndio alichokuwa anakitafuta. Sekunde miguu inapogusa chini mgeni anageuka, anainama, anampa zawadi chini kabisa usawa wa kifua cha mbwa. Usawa huo una maana, ukimpa juu umemwalika aruke tena. Baada ya muda anamuona mgeni anakaa mwenyewe.

Hapana unaweza kusema, hakuna anayekukataza, ila hapana haimwambii afanye nini. Anachojua ni kwamba umekasirika, na usipokuwepo anaendelea kuchimba.

---

TibaWanyama:

Niongeze tu kwenye hapo kwa Mkongwe, maana hoja ya kukimbiza mifugo ndiyo wanayoitumia sana watetezi wa kola ya shoti. Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha 2020 utafiti wa mbwa 63 wengi wao wakiwa na tatizo la kutorudi wakiitwa. Kundi moja lilifundishwa na matrena wazoefu wa kola ya shoti, la pili matrena hao hao lakini bila kola, la tatu matrena wa zawadi. Kola haikuleta faida yoyote ya ziada. Wale wa zawadi ndio waliotii haraka zaidi na kwa amri chache zaidi. Na waliotumia kola walikuwa wajuzi wa kifaa chenyewe, sio mtu kanunua jana.

Na Ureno, Chuo Kikuu cha Porto, mwaka huohuo, mbwa 92 kutoka kwenye shule mbalimbali za mafunzo. Waliopitia za kukaripiwa, kuvutwa kamba kwa nguvu na mengineyo walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakiwa mafunzoni na kotisoli, yaani homoni ya msongo, kwenye mate ilipanda baada ya kipindi. Kipimo kilichonigusa mimi ni cha bakuli. Mbwa alifundishwa kwamba bakuli likiwa upande huu lina chakula, likiwa upande ule ni tupu. Kisha likawekwa katikati. Waliotoka kwenye shule zenye adhabu nyingi walilisogelea taratibu kuliko wa zawadi, ni kama hawakutegemea kukuta kitu. Hapo wako nje ya darasa, hakuna anayewakaripia. Wales walipiga marufuku kola za shoti tangu 2010, na Ujerumani tangu 2022 kola za miiba haziruhusiwi kwenye mafunzo.

---

TulizaNafsi:

Wakuu nimesoma yote mara mbili, nawashukuru mno, na Mkongwe asante kwa kuuliza yale ambayo mimi ningeona aibu kuyauliza.

Nimepata mmoja kwa kupitia daktari wetu, nimemuuliza kwenye simu akikosea utamfanya nini, akajibu vilevile alivyosema KambaLegevu, kwamba akikosea ina maana nimemsogeza karibu mno, narudi nyuma. Akauliza pia lini mara ya mwisho amechekiwa. Anasema ana cheti lakini sijui vyeti vipi ni vya maana. Na nafasi yake ya kwanza ni mpaka wiki ijayo, nifanye nini hizi siku za katikati? Siwezi kumfungia ndani.

---

KambaLegevu:

Huyo anaelekea kuwa mzuri. Vyeti vipo vya kweli, CCPDT, baraza la kuthibitisha matrena wa mbwa, wanatahini kwa mtihani, Karen Pryor Academy wanafundisha na kupima kwa vitendo, na Pet Professional Guild, chama cha matrena kilichoanzishwa 2012, inawakataza wanachama wake umeme, kukaba, maumivu na vitisho. Muulize chake kimetolewa na nani, alipimwa kwa mtihani au alilipia tu akatumiwa, na mara ya mwisho kusoma kitu kipya ni lini. Ila cheti kinaonyesha kasoma, hakionyeshi mikono yake inafanya nini ikishika kamba. Muombe uende kuangalia darasa lake bila mbwa wako. Akikataa bila sababu ya maana tafuta mwingine.

Hizi siku za katikati usimfundishe chochote kuhusu mbwa wengine, kazi yako ni kuhakikisha halipuki. Toka saa ambazo hakuna watu, hata kama ni mapema sana au usiku. Chagua njia pana ambazo unaweza kuona mbali, epuka vichochoro na kona kali. Mvalishe mkanda wa kifuani badala ya kola ya shingoni, ule wenye pete ya kufungia kamba mbele kifuani unapunguza kuvuta na shingo yake haiumii. Nyumbani, mahali pasipo na kitu chochote cha kumshtua, mfundishe kugeuka na wewe, unasema neno moja kwa sauti ya furaha, unageuka nyuma unatembea, akikufuata anapata. Fanya mara nyingi mpaka iwe mchezo kwake. Ukiwa nje ukaona mbwa kwa mbali kabla yeye hajamuona, tumia hilo neno mwondoke. Ukichelewa na keshamuona, mwaga konzi ya vipande kwenye majani miguuni pake, pua ikishuka chini kunusa anapoa kidogo, simama katikati yake na yule mbwa mpaka apite.

Na kamba usiizungushe kwenye kiganja, nimeona vidole vimevunjika kwa hilo. Pitisha kidole gumba kwenye kitanzi kisha funga ngumi, mkono wa pili ushike katikati ya kamba.

---

shangazi_wa_bruno:

na siku ambayo nje kumechafuka sana usitoke kabisa hakuna atakayekulaumu, mfichie chakula chake ndani ya maboksi matupu na vitambaa vilivyoviringishwa akitafute kwa pua, bruno akimaliza mchezo huo analala kuliko akitembezwa. utujuze basi trena akishamuona